Wasia wa Mkimbizi: Nani Atajua Mali Ni ya Nani?

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: 

Leo tunaongea jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia wakati wa chakula. Mtu akifa, vitu vyake vinaenda kwa nani? Watoto wanabaki na nani? Tunaongea juu ya wasia.

Najua kuna anayecheka sasa hivi. Anasema, "Wasia? Mimi nina godoro, sufuria na deni la duka. Wasia ni wa matajiri wa Kololo." Na kuna mama anayesema, "Mwanangu, ukiandika wasia unaita kifo." Mama, nakuheshimu. Lakini kifo hakisubiri kuitwa. Sisi tuliokimbia tunajua hilo kuliko watu wengi.

Tuanze na sababu. Huko tulikotoka, wengi wetu hatukuhitaji karatasi. Mzee akifariki, ukoo ulikaa chini. Kulikuwa na baba mkubwa aliyejua mpaka wa shamba uko kwenye mti gani. Kulikuwa na shangazi aliyekumbuka mahari ilitolewa lini na nani alikuwepo. Hawakuamua kwa haki kila siku, na wajane wanaonisikiliza wanajua ninachosema. Lakini angalau kulikuwa na watu wa kuulizwa.

Hapa Kampala watu hao hawapo. Mmoja alibaki Fizi, mwingine yuko Dzaleka, mwingine hatujui yuko wapi. Jirani wa mlango wa pili anakujua kwa jina la mtoto wako tu. Siku ukiondoka duniani, nani atasimama aseme, "Hii cherehani ilikuwa yake, ile pikipiki ilikuwa yake, na huyu mama ni mke wake"? Ndiyo maana mkimbizi anahitaji karatasi kuliko mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye ukoo wake. Karatasi inafanya kazi ambayo wazee walikuwa wanafanya.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, usimtafute mtu huyu mtaani. Tuseme kuna baba anaishi Nsambya. Ni fundi wa nguo. Ana cherehani nne. Ana boda inayoendeshwa na kijana, lakini logibuku ya boda ina jina la rafiki yake raia wa Uganda, kwa sababu waliona hiyo ndiyo njia rahisi. Ana akiba kwenye kikundi. Ana pesa kidogo kwenye simu. Anaishi na mama wa watoto wake miaka tisa. Mahari ilitolewa nusu, vita ikaja, hakuna cheti. Wana watoto watatu. Na yupo mtoto wa marehemu dada yake ambaye amemlea tangu Bunia.

Baba huyu anafariki ghafla. Wiki ya kwanza ni machozi. Wiki ya pili anakuja mdogo wake kutoka makazi, anasema cherehani ni za ukoo. Yule mwenye jina kwenye logibuku anasema boda ni yake. Kikundi cha akiba kinasema, "Tutampa pesa nani? Hatumjui mrithi." Mwenye nyumba anataka kodi. Na mama, aliyepika na kuuza vitenge ili cherehani ya pili inunuliwe, anaulizwa swali moja: "Wewe ni nani?"

Tuone sheria ya Uganda inasemaje, halafu tuone baba huyu angefanya nini akiwa hai.

Sheria ya Mirathi ya Uganda ni ya mwaka 1906, wakati wa wakoloni. Kifungu chake cha 27, kinachogawa mali ya mtu aliyekufa bila wasia, kilikuwa kinamtaja mwanaume tu, kana kwamba mwanamke hawezi kufa na mali. Mwaka 2007 shirika la wanasheria wanawake, Law and Advocacy for Women in Uganda, lilishinda kesi kwenye Mahakama ya Katiba hapa Kampala. Mahakama ikasema sehemu hizo zinakwenda kinyume na Katiba. Lakini Bunge lilichukua miaka 15 kurekebisha. Marekebisho yalipita mwaka 2022.

Kwa sheria ya sasa, mume au mke akifa bila wasia na akaacha familia, mgawanyo ni hivi. Watoto wanapata asilimia 75. Mke au mume aliyebaki anapata asilimia 20. Ndugu waliokuwa wanamtegemea marehemu wanapata asilimia 4. Mrithi wa kimila anapata asilimia 1. Nyumba ambayo familia ilikuwa inakaa, kama ilikuwa mali ya marehemu, haiingii kwenye mgawanyo huo. Inabaki kwa ajili ya mjane au mgane na watoto. Kuwafukuza humo ni kosa la jinai.

Tuhesabu pamoja. Mali ikiwa ya shilingi 10,000,000, watoto wote kwa pamoja wanapata 7,500,000. Mjane anapata 2,000,000. Ndugu wategemezi 400,000. Mrithi wa kimila 100,000. Kwa hiyo yule mdogo wa marehemu anayekuja kubeba cherehani zote nne hana sheria nyuma yake. Kuchukua mali ya marehemu kabla ya ruhusa ya kisheria ni kosa, hata kama wewe ni ndugu wa damu.

Wakongomani wengi hawatashangaa hesabu hii. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, nayo inawapa watoto robo tatu. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane au mgane, wazazi, na ndugu wa marehemu. Na kama unauliza mkimbizi anafuata sheria ipi: ardhi iliyoko Uganda inafuata sheria ya Uganda. Kwa mambo yako binafsi kama ndoa, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 12, unasema mkimbizi anafuata sheria ya nchi aliyoifanya makao yake, au ile anayoishi. Mkataba huo huo unataka haki ulizokwisha kuzipata, hasa za ndoa, ziheshimiwe.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Asilimia 20 ni ya mke au mume wa ndoa. Sheria ya Uganda haihesabu miaka mliyokaa pamoja. Mama yule wa miaka tisa, kama hawezi kuonyesha kwamba kulikuwa na ndoa, ya kanisani, ya msikitini, ya kimila au ya serikali, anaweza kuambiwa yeye si mke. Watoto wake watarithi, kwa sababu mtoto ni mtoto hata kama wazazi hawakufunga ndoa. Lakini yeye mwenyewe anaweza kutoka mikono mitupu.

Na yule mtoto wa dada? Umemnyonyesha kwa chupa, umemvusha mpaka mgongoni, anakuita baba. Sheria haimhesabu kama mtoto wako wa kuzaa, mpaka umchukue rasmi kupitia mahakama.

Hawa wawili, mama asiye na cheti na mtoto wa kulea, ndio wanaohitaji wasia kuliko wote. Ukiandika jina la mama kwenye wasia, anapata ulichomwandikia. Ukimwandika mtoto wa dada, naye anapata.

Wasia unaandikwaje? Sio kazi ngumu. Sikiliza masharti.

Kwanza, uwe na miaka 18 au zaidi na akili timamu. Usilazimishwe na mtu.

Pili, wasia uwe wa maandishi. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ukifika mahakamani utatafsiriwa kwa Kiingereza, lugha ya mahakama za Uganda.

Tatu, weka sahihi yako. Kama hujui kuandika, weka alama ya kidole gumba, baada ya kusomewa yote kwa lugha unayoielewa.

Nne, wawepo mashahidi wawili au zaidi, watu wazima. Wakuone unaweka sahihi, na wao waweke zao mbele yako. Na hapa angalia sana: shahidi asiwe mtu anayepewa kitu kwenye wasia, wala mume au mke wake. Akishuhudia, anaweza kupoteza kile ulichompa. Mwite jirani, mchungaji, imamu, au kiongozi wa jamii. Usimwite mke wako kuwa shahidi wa wasia unaompa cherehani.

Tano, mtaje msimamizi. Huyu ndiye atakayekusanya mali, kulipa madeni yako na kugawa kama ulivyoandika. Chagua mtu anayeweza kusimama ofisini na kuongea bila kutetemeka.

Sita, weka tarehe. Ukibadilisha mawazo, andika wasia mpya na uharibu ule wa zamani. Usikate maneno kwa kalamu juu ya ule wa kwanza, utaleta ugomvi.

Jambo moja zaidi: wasia si wa kulipiza kisasi. Ukiwanyima mke au watoto wanaokutegemea, wanaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru wapewe matunzo kutoka kwenye mali yako. Ndugu zetu Waislamu wanajua mafungu ya mirathi yamepangwa, na wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi moja. Kaa na sheikh kabla ya kuandika.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwa fundi wetu. Andika nini, hasa?

Cherehani: andika idadi, aina, na namba iliyo kwenye chuma. Hifadhi risiti. Kama cherehani moja ni ya mke wako kwa sababu alinunua yeye, sema hivyo. Cha mke hakigawanywi kama cha marehemu.

Boda: hapa pana hatari kubwa. Rafiki mwenye jina kwenye logibuku anaweza kuwa mtu mwema. Lakini naye atakufa siku moja, na watoto wake hawajui mapatano yenu. Andikeni mkataba leo, nyote mkiwa hai: nani alitoa pesa, kiasi gani, na kwamba rafiki anashika kwa niaba yako tu. Wekeni sahihi na mashahidi, na mwenyekiti wa LC1 aweke muhuri.

Ardhi ni vilevile, tena zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, asiye raia anapata ardhi kwa kukodisha, isizidi miaka 99. Hawezi kumiliki mailo au umilikaji wa kudumu. Wako wanaonunua kiwanja kwa jina la rafiki. Kabla hujatoa hata shilingi moja, muone mwanasheria.

Na ninyi mlioko kwenye makazi: kiwanja mlichopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu ni cha kutumia. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinasema huwezi kukiuza wala kukikodisha. Kwa hiyo usiandike kwenye wasia, "Shamba la Nakivale namwachia fulani," kana kwamba ni lako. Lakini mbuzi, mahindi ghalani, mabati na baiskeli ni vyako, viandike. Na hakikisha kila mtu wa familia yuko kwenye karatasi ya familia, ile tunayoita atestesheni, ili ukiondoka wabaki wanajulikana.

Akiba ya kikundi: uliza kwenye mkutano wenu ujao, "Mwanachama akifa, pesa yake anapewa nani?" Kama katiba ya kikundi haisemi, iandikeni. Jina la mpokeaji liwe kwenye kitabu cha kila mmoja.

Pesa za simu: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020 inataka pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa za kampuni. Kwa hiyo ukifa, pesa yako haigeuki kuwa ya kampuni. Lakini familia inayodai lazima ijue laini ipo, na ilete karatasi za mahakama. Andika namba ya simu na jina lililosajiliwa. Namba ya siri usiandike kamwe.

Madeni: andika unachodaiwa na unachodai. Waswahili wanasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Vitu vya nyumbani ulivyoacha: nyumba Uvira, kiwanja Goma, shamba Masisi. Andika mahali, majirani wa pande zote, na karatasi zilipo kama zipo. Na ndoa yenu: andika tarehe, mahali, na majina ya waliokuwepo. Vyeti viliungua, lakini mashahidi wengine bado wako hai.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Linabaki swali la watoto. Mtoto wa miaka sita hawezi kupewa cherehani. Hapa ndipo inaingia amana. Amana ina watu watatu: anayetoa mali, anayeitunza, na anayefaidika. Mtunzaji anashika, lakini si mwenye mali. Matajiri wanafanya amana ya majumba. Fundi wetu anaweza kufanya ya cherehani. Aandike hivi kwenye wasia: "Cherehani mbili zisiuzwe. Zikodishwe. Kodi yake ilipe karo ya watoto wangu wanne, pamoja na mtoto wa dada yangu, mpaka wa mwisho atimize miaka 18. Halafu ziuzwe, wagawane sawa."

Taja watunzaji wawili, sio mmoja, ili kila mmoja amwangalie mwenzake. Wawe na daftari la mapato na matumizi. Mjane au mlezi awe na ruhusa ya kuliona daftari hilo kila mwezi. Taja pia mlezi wa watoto, endapo ninyi wazazi wote mtaondoka. Lakini muulize kwanza. Usimtwike mtu watoto kwa kumshtukiza kaburini.

Wasia ukishaandikwa, usiuweke chini ya godoro. Katwe mvua ikinyesha tunajua maji yanafika wapi. Nakala moja kwa msimamizi, nyingine kwa kiongozi wa dini au mwanasheria. Unaweza pia kuuweka kwenye Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, iliyo chini ya Wizara ya Sheria na Katiba hapa Kampala.

Ofisi hiyo ndiyo pia familia inaenda kifo kikitokea. Beba cheti cha kifo kutoka NIRA, barua ya LC1, kadi za wakimbizi na atestesheni. Mkutano wa familia unaandikwa, halafu ombi linapelekwa mahakamani: kama kuna wasia, mahakama inauthibitisha, kama hakuna, inateua msimamizi. Kabla ya hapo mtu asiuze kitu.

Wa kukusaidia wapo. Refugee Law Project, iliyoanzishwa 1999 chini ya Shule ya Sheria ya Makerere. FIDA Uganda, wanasheria wanawake, tangu 1974. Mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society. Mjane anayenyang'anywa vitu leo hii aende pia polisi, kwenye dawati la familia na watoto.

Na ukipata safari ya kwenda Canada au Marekani, andika wasia mpya ukifika. Nchi mpya ina sheria zake.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Jumapili jioni, au Ijumaa baada ya swala, chukueni daftari la mtoto, ukurasa mmoja. Baba na mama kaeni pamoja. Andikeni orodha ya vitu, madeni, na majina ya wanaowategemea. Huo bado si wasia. Lakini mkifika kwa mwanasheria au kwa mashahidi na orodha hiyo, kazi kubwa imekwisha. Na kama hamtakubaliana juu ya kitu fulani, ni heri mbishane leo, wote mkiwa hai na chai iko mezani.

Maswali yenu yaandikeni, mumpe kiongozi wa kikundi cha kusikiliza. Tutayajibu wiki ijayo pamoja na mwanasheria. Mimi nawaaga kutoka Kampala. Mungu awalinde, na awape maisha marefu ya kuvitumia vitu vyenu wenyewe.

[Muziki wa kufunga.]